Chungu Nilichokiosha

Mama Enelesi alizikwa Jumatano. Habari nilizipata kwa simu ya binti yake, Tamari, ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kunipigia hata kunijulia hali, na siku hiyo hakunijulia hali pia. "Mama ametutoka," alisema. "Ukiweza njoo, usipoweza tutaelewa." Hiyo "tutaelewa" ndiyo iliyonifanya niombe ruhusa kazini asubuhi ileile. Siku hizi barabara ya kutoka Mbinga kushuka ziwani ni lami tupu. Safari iliyokuwa ikitumaliza siku nzima kwenye matope inakwisha kabla chai haijapoa kwenye chupa, na pale kwenye mteremko wa mwisho, ziwa linapoonekana lote kwa mara moja, umeshapita kabla hujamwambia mwenzako atazame. Nyuma ya gari nilikuwa na unga na sukari. Maharage sikuthubutu kubeba, ingawa kwetu Wamatengo kwenda msibani bila maharage ni sawa na kwenda mikono mitupu. Marehemu nilimfahamu kwa mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Katika mwaka huo aliniaminia kitu kimoja, nami nikakiharibu kwa mikono yangu miwili, kwa uangalifu mkubwa, huku naimba.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya kemia na sina kazi, nachuma kahawa kwetu Namswea kama ambavyo ningechuma bila shahada. Dokta Lukasi alikuja kutoka chuo kikuu kutafuta msaidizi anayejua kompyuta na asiyeogopa harufu. Nilimwambia siogopi harufu yoyote. Alipanga chumba cha nyuma katika duka la Mzee Salimu pale Mbinga mjini, chumba kilichokuwa stoo ya sukari na sabuni, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Asubuhi ukungu ulikuwa ukiingia hadi ndani, tunafanya kazi na makoti, na kompyuta ndiyo iliyokuwa ikitupasha joto kwa ile feni yake. Saa nne mke wa Mzee Salimu alituletea chai ya tangawizi na chapati, na mzee mwenyewe alisimama mlangoni na kanzu yake kututania. Babu yake alikuja nyanda hizi kutoka Kilwa kuuza vitambaa, na hilo hakuruhusu mtu kulisahau. "Binti Skola," aliniambia, "babu yangu alijua mchuzi umekolea kwa kunusa tu akiwa barabarani. Ninyi wasomi mpaka muwashiwe umeme." Nilicheka sana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina meza yangu, na kila kitu kilinichekesha.

Dokta alikuwa anatafuta ladha. Si ya chumvi wala ya sukari. Ni ile nyingine ambayo hatuna jina moja la kuiita, ile inayomfanya mtu aliyeshiba arambe tena kidole. Samaki akichachushwa kwa chumvi, protini zake hukatikakatika kuwa vipande vidogo sana, na baadhi ya vipande hivyo ndivyo vinavyoleta utamu huo. Zamani, Dokta alisema, mtu angezeeka akivionja kimoja kimoja. Sasa kuna mashine, iko ng'ambo, inavisoma vyote kwa mkupuo na kuviandika kwa herufi, halafu kompyuta inachuja vinavyofaa. Alikuwa na samaki wa sehemu tatu tayari. Wa nne alisikia yuko huku kwetu, chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa mama mmoja ambaye watu wa pale walimtaja huku wakimeza mate.

Kijiji chao kiko kusini ya Liuli, mwendo wa saa moja kwa miguu. Pale dagaa wa ziwani, usipa, huanikwa mchangani wakakauka kwa jua. Masika jua likikosekana usipa huoza, na zamani kila nyumba ilikuwa na chungu cha kuwaokoa: unawatia na chumvi, unafunika, unasubiri. Kisha yakaja magari ya barafu, wanawake wakaacha mmoja mmoja. Nilipofika mimi kilikuwa kimebaki chungu kimoja, cha Mama Enelesi, kikubwa, cheusi, kilichofinyangwa na Wakisi, wafinyanzi wa kaskazini ya ziwa, na kuletwa kwa mtumbwi mama yake alipoolewa. Kilikaa nyuma ya mafiga, kimefunikwa sahani ya bati na jiwe juu yake. "Shikamoo mama," nilisema. "Marahaba mwanangu, karibu, kaa mbali na moshi." Hakuniuliza nimefuata nini. Alisonga ugali wa muhogo, akachemsha kisamvu, akafunua chungu na kuchota kijiko kimoja tu cha maji ya rangi ya chai, akakizungusha kwenye kisamvu. Harufu yake ilinikata pumzi. Kisha nikaonja, na mpaka leo sijui nisemeje. Nilikula kama mtu aliyetoka kuugua. Majirani wawili waliokuwa wakichambua karanga mlangoni walinitazama, mmoja akasema kwa Kiswahili, makusudi nisikie, "Watu wa milimani wanadanganywa na njaa." Mwingine akamjibu, "Hapana, huyu amefika."

Baada ya kula nilitoa dodoso. Dokta alilipanga katika safu: kiasi cha samaki, kiasi cha chumvi, siku, joto, na mwishoni kabisa safu iliyoandikwa Imani. Mama Enelesi alijibu yote kwa subira. Nilipomuuliza akimaliza chungu anaanzaje kipya, alinitazama kana kwamba nimeuliza akimaliza kupumua anaanzaje. "Hakimalizwi. Konzi mbili za chini haziliwi, hizo ni za mama. Juu yake natia wapya. Chungu hiki hakijawahi kulala kitupu tangu mama akiwa hai." Nilitafuta mahali pa kuandika hayo. Safu ya chumvi haikufaa, ya siku haikufaa. Nikayaandika kwenye Imani, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari. Safu hiyo haikuingizwa kamwe kwenye kompyuta. Programu haikuwa na mahali pa kuitia.

Mara ya kwanza nilichukua sampuli kwenye chupa za plastiki, nikapanda basi la Songea nikiwa nimezipakata kama mtoto. Hakuna aliyeniambia kwamba kitu kinachochacha kinahitaji kupumua. Tulipofika Kitai chupa mbili zilipasuka kwa mlio wa bastola, mchuzi ukamwagikia suti ya bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kumchumbia mtu. Abiria hawakupiga kura. Nilishushwa pale pale, mimi na ndoo yangu, na wauza ndizi wakasogeza meza zao mbali nami. Dokta aliposikia alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Basi tulete chungu chenyewe. Tutachota hapa Mbinga kwa utaratibu, nichemshe palepale ili vipande visiendelee kukatika njiani kwenda ng'ambo, na yeye arudishiwe chombo chake."

Nilirudi ziwani kumwomba. Mama Enelesi aliacha kusonga mpaka ugali ukaanza kuungua. Tamari, aliyekuwa wa rika langu, alisema kwa ukali kitu kwa Kinyasa, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. "Kinakwenda na nani?" aliniuliza. Nikasema na mimi. "Kinarudi na nani?" Nikasema na mimi, mama, kwa mkono wangu huu. "Basi wachote wanachotaka. Cha mama wakiache." Niliapa. Tulikifunga kwa majani ya migomba na khanga yake moja, tukakipakia kwenye gari la Mzee Salimu lililokuwa limeshusha mafuta ya taa, na mama yule alilisindikiza gari kwa miguu hadi mwisho wa kijiji, akiwa ameshika ubavu wa gari hilo kama anayemsindikiza mgonjwa.

Pale Mbinga, Dokta alivaa glovu na kuanza kuchota. Alipokaribia chini nilisema, "Dokta, mama ana imani yake, anataka tuache kidogo." Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikusema nimeapa. Nilisema ana imani yake, kwa sauti ya msomi anayemwombea radhi ndugu wa kijijini. Dokta alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio unaonitia hasira hadi leo, maana angekuwa mkali huenda ningembishia. "Konzi hizo mbili ndizo kongwe kuliko zote, Skola," alisema. "Ndizo hasa tunazozihitaji. Tutampelekea ndoo ya usipa wazuri." Akakomba. Akachemsha. Nikabaki na chungu kitupu chenye ukoko mweusi kuanzia mdomoni hadi chini, unaonuka, na Mzee Salimu ananung'unika kwamba wateja wa sabuni wanapitiliza.

Sasa niseme jambo ambalo mtu wa kwetu atalielewa upesi. Umatengoni ukiazima chombo cha mwenzako, hukirudishi kichafu na hukirudishi kitupu. Ukikirudisha kichafu umemtukana, ukikirudisha kitupu umemwambia asikuazime tena. Nilikuwa nimeona aibu kwa zile konzi mbili, na aibu yangu niliimalizia kwenye chungu. Nilikitia majivu, nikakisugua kwa mchanga na gunzi, nikakimwagia maji yanayotokota mara tatu, nikakianika juani siku mbili juu ya ukuta wa nyuma. Niliimba nyimbo za kwaya. Ukoko ule ulikuwa mgumu, nilivunja kucha, na kila ulipobanduka nilifurahi. Mzee Salimu alikigonga kwa ukucha, kikalia. "Mashallah," alisema, "hiki sasa unaweza kumtilia bi harusi maua." Na kwa kuwa Mama Enelesi alisema chungu chake hakilali kitupu, nikakijaza maharage ya Namswea, yale ya njano, mpaka mdomoni. Niliona nimepata akili sana kwa hilo.

Alinipokea mwenyewe. Alifungua khanga, akayatazama maharage, akaingiza mkono kando yake na kupapasa ukuta wa ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani katika nyumba asiyoijua. "Umekiosha," alisema. "Ndiyo mama. Kwa majivu na maji ya moto." Alinitazama muda mrefu, na naapa niliona upendo usoni mwake, ndiyo maana nimechelewa sana kuuelewa uso ule. "Mama yako amekulea vizuri," alisema. Nilirudi Mbinga na sifa hiyo kifuani. Nilimwandikia mama yangu ujumbe wa simu kumwambia.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa mitamu kuliko yote ya ujana wangu, na nikisema vingine nitakuwa mnafiki. Orodha ilirudi kutoka ng'ambo: maelfu ya mistari, kila mstari kipande kimoja cha samaki, herufi nne, sita, tisa. Kwanza niliondoa vile virefu, kwa kuwa ulimi hauna subira navyo. Kisha kulikuwa na programu iliyofunzwa kwa vipande ambavyo watu walikwisha kuvionja miaka ya nyuma. Hiyo ilikipa kila kipande alama, hiki kinafanana na vitamu, hiki hapana. Vilivyobaki vilikwenda hatua ya mwisho. Ulimi una kipokezi cha ladha hiyo, na Dokta alikuwa na umbo lake mle ndani ya kompyuta. Programu ilichukua kipande baada ya kipande na kukijaribu pale, kama unavyojaribu mifuniko ya masufuria baada ya sherehe, huu unacheza, huu umekwama, huu umekaa. Kazi ya siku tatu ilifutika umeme ulipokatika, nikalia, nikaanza upya. Na asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbinga ikiwa imeng'ata vidole, vikabaki vipande vichache juu ya orodha, vyote kutoka sampuli namba nne. Sampuli namba nne ndiyo chungu cha Mama Enelesi. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu ya sabuni.

Vipande hivyo vilitengenezwa kiwandani ng'ambo, vikaja mwezi wa kumi kama unga mweupe ndani ya vichupa vidogo kama vya dawa ya macho. Tulivionja kwenye maji yenye chumvi kidogo. Viwili vilikuwa vikali kama kwinini. Kompyuta nayo hukosea. Kimoja hakikuwa na kitu. Cha nne nilipokiweka mdomoni nilikiona kile kisamvu, nikaona na moshi, nikasikia na wale wanawake wa karanga. Mzee Salimu, aliyekuwa ameombwa aonje kwa ajili ya ulimi wake wa Kilwa, hakutania. Alisema, "Subhanallah," akaomba tena. Dokta alinikumbatia. Nikaomba ruhusa nimpelekee mama kichupa kimoja, akione kitu chake.

Tamari ndiye aliyenikuta njiani, kabla sijafika nyumbani. Hakunikaribisha. Alinieleza yote amesimama, na beseni la nguo kichwani. Mama yake alijaribu mara tatu tangu chungu kirudi. Usipa wale wale, chumvi ile ile, mkono ule ule, na mara zote tatu wameoza, funza watupu, wamefukiwa. "Hata mngekomba samaki wote, kuta zingekumbuka," alisema. "Mwaka niliozaliwa kiliibiwa samaki wote, mama akakianzisha siku ileile kwa ukoko peke yake. Ukoko, dada. Mlichukua samaki, sawa. Ukoko uliuosha wa nini?" Nikamuuliza kwa nini mama hakuniambia siku ile. "Angekuambia nini? Ulikuwa umependeza, unatabasamu, umeleta maharage."

Mama Enelesi alinipikia hata hivyo. Kisamvu kilikuwa kisamvu tu. Nilimtolea kichupa, nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza, kwamba humu imo ladha ya chungu chake, imetafutwa katika maelfu. Alitia unga kiduchu kwenye kijiko cha mchuzi, akaonja, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," alisema. Nikaanza kulia kwa furaha, mjinga mimi. Akauliza, "Hii inazaa?" Nikamwambia sielewi. "Nikiitia kwenye chungu, na samaki juu yake, itazaa nyingine? Tamari akija kuwa na nyumba yake, nitamchotea akaanzie?" Nikasema, "Haizai, mama." Alikifunga kichupa vizuri, akakiweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Kisha akaniuliza kama barabara ya Kingerikiti imeharibika na mvua.

Nilirudi Mbinga nikiwa na wazo moja: kuna mabaki. Lazima pawe na mabaki, kijiko kimoja, tone. Nilipofika Dokta alikuwa kwenye simu, sauti inapita kwenye ukuta wa mabati, nikasimama kati ya magunia ya sukari nikasikia. "Hapana, ziwani haturudi tena. Tuna herufi zote, samaki wenyewe hatuwahitaji." Alikuwa na furaha kama mtoto. Nilipomuuliza kuhusu mabaki alinijibu ninachokijua: tulichemsha siku ileile, hakuna kilicho hai. Nikamwambia basi kompyuta ituambie ni vijidudu gani vilivyokuwa vikimkata samaki mle, tuvitafute kwingine. Alivua miwani, na nikaona amehuzunika kwa dhati. "Hilo hatukuliuliza, Skola. Tuliuliza ladha."

Desemba nilipewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi, nikaenda. Ningependa kusema nilikataa. Sikukataa, nilipakia nguo kwa siku moja. Leo nafundisha wanafunzi kuchuja vipande vya protini kwa kompyuta zenye kasi ambayo Dokta hakuiota, na kila mwaka nawaambia wasidharau safu ya mwisho ya dodoso, nao huandika, hawajui naongea nini. Makala yetu ipo, jina langu limo. Chungu ni sampuli namba nne. Kwa Mama Enelesi sikurudi. Kila mwaka nilisema mwaka huu, na kila mwaka nikaona nitakwenda kufanya nini, kuwa na aibu mbele yake ili anifariji?

Tulipomaliza kuzika tulikula ugali na kunde, chakula cha msiba, hakina cha kusimulia. Nilijibanza kwa wanawake waliokuwa wakiosha vyombo. Tamari alikuja, ana mvi kama mimi, akaniambia nimfuate jikoni. Nyuma ya mafiga chungu kilikuwepo, na ile sahani ya bati, na jiwe juu yake. Akafunua. Yalikuwa maharage yangu. Wadudu wa fukusi walikuwa wameyala mpaka yamebaki maganda na unga wa kijivu, lakini yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, kama nilivyoyaleta. "Samaki waliposhindikana aliyarudisha yote humu, hatukuyapika hata kiganja," Tamari alisema. "Mama alisema chombo kikishatiwa kitu cha mtu kinakuwa cha mtu huyo. Alisema siku akifa, mwenyewe akija, apewe." Nilisema, "Tamari, nisamehe." Akasema, "Sijaja kukusamehe wala kukugombeza. Nakupa chungu chako." Alikiinua akakitoa nje, akamwaga ule unga uani. Kuku walikimbilia, wakadonoa mara moja, wakaondoka.

Kisha akanipa. Nilikipokea kwa mikono miwili kama inavyopaswa, kikawa chepesi kuliko nilivyokumbuka, vumbi la fukusi likaniingia kwenye kucha, na kabla sijafikiri neno nikasikia sauti yangu mwenyewe, sauti ya binti aliyelelewa vizuri, ikimwomba Tamari maji kidogo ya kukisuuza.